Aliyeshindwa Huanza Kuimba

Mzinga wa kwanza ulinikuta kwenye usukani nakula ndizi. Ulipolia, ndizi ilikwenda kwake na mimi nikaenda kwangu. Nilipojitambua nilikuwa nimejikunja chini, shavu linagusa pedali ya breki. Mtu aliyekuwa Gongo la Mboto usiku ule wa Februari 2011, mabomu ya ghala la jeshi yakipita juu ya mabati yetu, hafundishwi cha kufanya akisikia mlio kama huo. Nikachungulia mlangoni. Hakuna aliyekimbia. Mama mmoja alikuwa anamfuta mwanawe aiskrimu kidevuni. Kumbe Army wamefunga.

Ilikuwa Ijumaa jioni, tarehe 30 Agosti 2024, West Point, jimbo la New York, kwenye chuo kinachotoa maofisa wa jeshi la nchi kavu la Marekani. Army ni timu ya chuo hicho, na mchezo wenyewe ni ule mpira wao wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mabega ya kupachika. Wakipata pointi nyumbani, mzinga unalia. Siku ile walikuwa wanafungua msimu na Lehigh, wakashinda 42-7, kwa hiyo ile ndizi sikuimaliza.

Mimi naendesha basi la shule Newburgh, mji ulio kaskazini kidogo ya hapo, kando ya Mto Hudson. Zamani nilikuwa suka wa daladala Dar es Salaam, kwa hiyo usukani ndio elimu yangu. Msimu ule kampuni ilitafuta madereva wa kubeba mashabiki siku za mechi, kuwatoa maegesho ya mbali na kuwapandisha kilimani hadi uwanja wa Michie. Wenzangu hawakuitaka zamu hiyo, mwisho wa wiki wao ni wa familia. Mimi niliandika jina langu mechi zote za nyumbani bila hata kuuliza malipo. Mke wangu akashangaa. "Wewe huo mpira unaujua?" Nikamwambia nataka kujifunza. Uongo mtupu. Nilitaka pesa, na sababu ya kuitaka pesa ilikuwa imenikaa kifuani tangu Juni.

Sababu yenyewe ni fupi na inanitia aibu mpaka leo. Jamaa mmoja tuliyefahamiana msibani, Mtanzania mwenzangu, mzungumzaji mzuri, alikuwa na mpango wa kontena la spea na matairi kwenda Dar. Fungu langu lilikuwa dola 9,400. Hiyo ndiyo ilikuwa akiba yetu ya miaka minne, ya kuanzia nyumba. Nilimpa yote kwa mkupuo, mke wangu hajui, maana nilipanga nimshtukize na faida. Baada ya wiki chache kontena likasemekana limekwama bandarini, zinatakiwa elfu mbili nyingine. Baada ya hapo namba yake ikawa haipatikani. Kila Mswahili aliye ughaibuni ameshaisikia hadithi hii, na kila mmoja anaamini haitamkuta yeye, kwa sababu yule wa kwake ni mtu wa dini.

Basi nikawa dereva wa mashabiki.

Abiria wa mechi wanapanda wamevaa nyeusi na dhahabu, na wakikutana hawaulizani habari za asubuhi. Mmoja anasema "Wapige Navy!" na mwenzake anajibu hivyohivyo. Navy ni chuo cha jeshi la majini kilichoko Annapolis, Maryland, watani wao tangu 1890. Nikadhani labda ndio wanacheza nao siku hiyo. Hapana, Navy ni Disemba. Salamu ni hiyo hata mkicheza na nani, hata kama hamchezi kabisa.

Kulikuwa na mzee mmoja, kama miaka themanini hivi, ambaye mechi zote alikaa kiti kilekile cha mbele upande wa kulia, fimbo katikati ya magoti. Alisoma hapo chuoni, akaenda Vietnam, akarudi. Aliniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Tanzania nikajiandaa kwa maswali ya Kilimanjaro na simba, yeye akaniuliza timu yangu ni ipi. Nikampenda papo hapo. Nikamwambia Coastal Union ya Tanga, mabingwa wa 1988.

"Na baada ya hapo?"

Baada ya hapo tunasubiri, mzee. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema basi nimefika kwetu, kwa sababu yeye alikuwa anakuja uwanjani hapo mwaka 2003, Army walipocheza mechi 13 wakafungwa zote 13. Alikuja miaka yote kuanzia 2002 hadi 2015, Navy walipowapiga mara 14 mfululizo. Ubingwa wa taifa wa 1944, 1945 na 1946 aliusikia kwa baba yake, kama mimi nilivyosikia mambo ya Wajerumani kwa babu. Ndiye aliyenifundisha mchezo, kipande kwa kipande, kwenye kile kilima.

Nitaueleza kidogo kwa ambaye hajawahi kuutazama. Kazi ni kuingia na mpira nyuma ya mstari wa mwisho wa wenzako, hapo unapata pointi. Timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi. Yadi ni pungufu kidogo ya mita. Ukizifikisha, unapewa majaribio manne mengine. Ukishindwa, mpira wa mwenzako. Unaweza kukimbia nao au kuurusha. Siku hizi karibu kila mtu anapenda kurusha: kwotabeki, yaani yule anayeongoza mashambulizi, anarudi nyuma, anautupa mbali, mtu anaudaka hewani, uwanja unalipuka. Army hawana habari na hayo. Kwotabeki wao wa msimu ule, Bryson Daily, kijana wa Abernathy, Texas, mwenye kilo kama mia, anashika mpira, anainamisha kichwa, anaingia kwenye msitu wa watu, anatokea na yadi nne. Wanajipanga tena. Yadi tatu. Wanajipanga tena. Yadi tano. Mpaka msimu unaisha alikuwa ameingia na mpira mara 32 kwa miguu yake.

Madereva tuliruhusiwa kusimama kwenye uzio baada ya kushusha. Upande wa mashariki wa uwanja ulikuwa umebomolewa kwa ukarabati, kwa hiyo ulikuwa kama mdomo uliong'olewa meno ya upande mmoja. Nilipowatazama mara ya kwanza nilidhani naangalia watu wanachimba mtaro. Nikamuuliza mzee kwa nini hawarushi. Akanieleza kwamba kijana mwenye mwili mkubwa na ndoto za kulipwa mamilioni haji hapo, kwa sababu anayemaliza hapo anakuwa luteni na anadaiwa miaka mitano ya utumishi. Wanaokuja wengi wao ni wepesi kuliko wapinzani wao. Wanachoweza kuwazidi watu ni kimoja, kwenda chini wote kwa pamoja, kwa sekunde moja, kila mmoja akijua bega lake linatakiwa kumgonga nani. Msimu huo ukuta wao wa mbele ulikuja kupewa tuzo ya Joe Moore, ambayo haipewi mtu mmoja, hupewa ukuta mzima.

Hapo nilimwelewa haraka, maana nilipita JKT Maramba mwaka 1992, kwa mujibu wa sheria, baada ya kidato cha sita. Kuruta namtambua hata kwa mgongo. Asubuhi za mechi wanafunzi wanapiga gwaride kwenye uwanja wao wa chini, na kwenye zile safu za kijivu unamwona wa mwaka wa kwanza, macho yanatazama mbele, akili iko kitandani. Nilikuwa yeye. Wanapoingia chuoni wanapitishwa kwenye wiki za mafunzo ambazo wenyewe wanaziita Mnyama. Sisi hatukuwa na jina la namna hiyo, tulikuwa na afande mmoja na filimbi. Tena pembeni mwa uwanja kuna kundi linalopiga pushapu kila Army wakifunga, kwa idadi ya pointi zote zilizoko ubaoni. Saba, halafu kumi na nne, halafu ishirini na moja. Ukienda hivyo kwa saba saba mpaka 42 umeshapiga 147. Nilipiga hesabu ile nikajishika kiwiko bila kujua.

Oktoba, siku ya East Carolina, nilikuwa nimepaki naongea na mdogo wangu aliyeko Muheza, simu kwenye spika. Mwanafunzi mmoja mwenye sare ya kijivu alikuwa anapita, akasimama ghafla kama mtu aliyeitwa jina.

"Mzee, hiyo ni Kiswahili?"

Mkenya. Chuo kile hupokea wanafunzi wachache wanaotumwa na nchi nyingine, wakimaliza wanarudi kwenye majeshi ya kwao. Alikuwa na dakika mbili, akazitumia vizuri. Nilimpa chapati niliyofungiwa na mke wangu kwenye foili, akaila kasimama, kwa kasi ya mtu aliyezoea mesi. Nikamuuliza kama huu mpira anauelewa. Akasema mwanzo alidhani ni watu wako vitani wamesahau bunduki, lakini umemwingia. Akafuta mafuta vidoleni.

"Wewe ngoja ile ya Navy, mzee wangu. Hata tukipoteza tutaimba. Ukipoteza ndiyo unaanza."

Sikumwelewa, na alikuwa ameshaondoka.

Wale vijana hawakufungwa Septemba wala Oktoba. Rice 37-14, UAB 44-10, East Carolina 45-28. Tarehe 2 Novemba wakaja watani wengine, Air Force, chuo cha jeshi la anga, wakapigwa 20-3. Lakini mechi ninayotembea nayo mpaka leo si ya nyumbani na sikuiona kwa macho. Tarehe 9 Novemba walikuwa Texas, ugenini kwa North Texas, timu iliyosifika kwa kurusha na kufunga harakaharaka. Mimi nilikuwa yadi ya kampuni (yadi ya mabasi, si ya mpira) nasafisha gari, redio imewashwa.

Kipindi cha pili Army wakapata mpira mbali kabisa, karibu na mstari wao wenyewe. Nikaanza kufagia kutoka nyuma. Yadi tatu, anasema mtangazaji. Nikamaliza safu ya kushoto, nikaingia ya kulia. Yadi nne. Nikapiga magoti nibandue bigijii chini ya viti, kazi ambayo wasioendesha mabasi ya shule hawaijui: unatumia kisu butu na barafu, na kila mtoto ana mahali pake pa kuibandika. Yadi mbili. Nikafuta vioo vya ndani. Nikatoka kumwaga maji machafu, nikajaza ndoo upya, nikarudi. Mpira uleule, mikononi mwa watu walewale. Mtangazaji mwenyewe sauti ilishaanza kucheka. Walicheza mara 21, yadi 94, dakika karibu 14, na robo nzima ya mchezo ni dakika 15. Mwisho wake wakaingia. Wale mafundi wa kurusha walikuwa wamekaa benchi muda wote huo wakiangalia saa. Mechi ikaisha 14-3. Ushindi wa tisa katika mechi tisa, jambo ambalo Army hawakuwa wameliona tangu 1996.

Nilikaa kwenye ngazi ya basi na kitambaa mkononi. Haba na haba nimeimbishwa tangu darasa la kwanza, nimeiandika kwenye insha nikapewa vema, nimewaambia na wanangu. Sikuwahi kuisikia ikitangazwa redioni yadi kwa yadi. Nikakumbuka zile 9,400 zilivyopatikana. Mwezi huu dola mia mbili, ule mia na themanini, kuna mwezi tuliweka arobaini tu. Mke wangu kasuka watu nywele jikoni kila Jumapili, miguu imevimba, anakunja zile noti anaziweka kwenye kopo la Kimbo lililokuja na wageni kutoka nyumbani. Miaka minne tulikuwa tunakimbia, na tulikuwa tumekaribia. Kisha mimi, mbele ya mstari, nikarusha. Nikamrushia mtu niliyemjua kwa miezi mitatu.

Ningeweza kuishia hapo, na nadhani wengi hupenda kuishia hapo. Lakini tarehe 23 Novemba, Yankee Stadium, Notre Dame waliwapiga Army 49-14. Hawakuibiwa, hawakuonewa. Walikutana na watu waliowazidi mwili, mbio na kila kitu, na zile yadi nne nne hazikuwasaidia lolote. Nalisema kwa sababu nimechoka na wahubiri wa uvumilivu wanaotuambia ukitulia tu utashinda. Utatulia vizuri, na bado siku moja utakula 49. Wiki iliyofuata wakarudi Michie, wakawatoa UTSA kwa kuponea, 29-24, na hakuna aliyecheka sana kwenye basi langu.

Fainali ya ligi ilichezwa hapohapo nyumbani, Ijumaa usiku, tarehe 6 Disemba, baridi ya kukata masikio. Army wanacheza mpira huu tangu 1890, miaka mingi bila kuwa kwenye ligi yoyote, na hawakuwahi kutwaa ubingwa wa ligi hata mara moja. Msimu ule ndio kwanza walikuwa wameingia American Athletic Conference. Tulane wakaja, wakapigwa 35-14, Daily akaingia na mpira mara nne. Mzinga ulipolia safari hii sikuinama. Nilikuwa kwenye uzio na mikono imeshika waya, napiga kelele kwa Kiswahili. Wanafunzi wakamiminika uwanjani kama mchwa baada ya mvua. Mzee wangu alichelewa kurudi kwenye basi. Alipanda akakaa kiti chake, hakusema neno njia nzima. Kituo cha mwisho akashuka hadi ngazi ya chini, akageuka, akaniuliza:

"Coastal wanacheza lini?"

Mechi saba za nyumbani, ushindi saba. Zamu zangu zikaishia pale. Ile ya Navy, tarehe 14 Disemba, ilichezwa Landover, Maryland, na niliitazama nyumbani kwenye kochi, mke wangu kando yangu anachambua mchele kwa mazoea tu, maana mchele wa huku hauna mawe. Ilikuwa mara ya 125 kwa vyuo hivi viwili kukutana. Army walikuwa mabingwa, wameshinda 11. Nilikuwa nimeshawaambia watoto kwamba hii ni ya kumalizia tu.

Navy nao ni wakimbiaji, tena wamesoma kitabu kilekile. Kwotabeki wao, Blake Horvath, alikimbia zaidi ya yadi mia mbili. Daily, ambaye kila wiki alikuwa anapenya, siku ile alikuta ukuta na nyuma ya ukuta ukuta mwingine. Kilichonimaliza ni pale Navy walipojipanga kama wanataka kuupiga mpira teke waurudishe kwa Army, kumbe uongo: mpira ukapewa Landon Robinson, jitu la ukuta wa ulinzi, mtu ambaye kazi yake ni kuziba njia, akachanja mbuga nao yadi 29 huku benchi zima la kwao linarukaruka. Hapo hata mtoto wangu mdogo alisema, "Baba, tumekwisha." 31-13.

Nilinyoosha mkono kuchukua rimoti. Mke wangu akaniwahi.

"Mbona hawaendi kuoga?"

Timu zote mbili zilikuwa zinatembea kuelekea upande mmoja wa uwanja, mbele ya wanafunzi wa Army. Wakasimama pamoja, waliofunga na waliofungwa, kofia ngumu mikononi. Wimbo ukaanza.

"Si wamefungwa hawa? Wanaimba nini?"

Nikamweleza, na nilikuwa najieleza na mimi. Kila chuo kina wimbo wake. Mechi ikiisha, wote wanakwenda kwanza kwa walioshindwa, wimbo wao unaimbwa, washindi wamesimama nao kimya. Kisha wote wanavuka kwenda kwa washindi. Ndiyo maana vijana hawa mwaka mzima hawaombi kingine, wanaomba kuimba wa pili. Jaribu kuwaza watu wa Jangwani wamesimama, mikono nyuma, wanasubiri wa Msimbazi wamalize wimbo wao taratibu. Kwetu pangehitajika polisi.

"Kwa hiyo aliyeshindwa ndiye anaanza," akasema mke wangu.

"Aliyeshindwa ndiye anaanza."

Kamera ilikuwa kwa kijana mmoja wa Army, jina silijui. Jasho na machozi vimechanganyika na ule wino mweusi wanaojipaka chini ya macho, umemchirizika hadi mdomoni, na mdomo unafunguka na kufumba. Anaimba. Mbele ya televisheni ya nchi nzima, mbele ya wakubwa wa serikali waliokuwa jukwaani, na hatua mbili kutoka kwake kasimama mtu aliyempiga, anamngoja amalize. Nilikuwa na miezi sita sijaweza kuimba mbele ya mtu mmoja, jikoni kwangu.

Nikapunguza sauti ya televisheni. Nikawaambia watoto waende juu.

Aliuliza kiasi gani. Nikamwambia. Akauliza tena, kwa shilingi, na kwa shilingi iliuma zaidi. Akauliza kama yule jamaa ndiye aliyelia msibani kuliko wafiwa. Nikasema ndiye. Akanyanyuka akaenda kuzima jiko, na jiko lilikuwa limezimwa tangu mchana. Nilimsikia amesimama pale, anafungua na kufunga ile swichi. Aliporudi nilikuwa nimeshatoa ile bahasha ya malipo ya zamu zangu. Sikuwa nimegusa hata senti. Akahesabu mara mbili kwa kidole kilicholowa mate: 1,120. Akachukua kalamu ya mtoto, akaandika nyuma ya bahasha 9,400, chini yake 1,120, akatoa, akapata 8,280, akaipigia mstari mmoja chini. Hakunitukana. Akasema kopo la Kimbo litakaa chumbani kwake, na chumbani kwake kwa muda usiojulikana mimi si mkazi.

Tangu usiku ule hakuniita baba wa mtu yeyote. Aliniita dereva. "Dereva, chakula mezani." "Dereva, takataka." Watoto wakadhani ni mzaha mpya, nao wakaanza.

Army walibakiza mechi moja, tarehe 28 Disemba, Shreveport, Louisiana, dhidi ya Louisiana Tech. Nilijua watakuja wamevunjika. Nilikaa peke yangu kwenye kochi na kikombe cha chai ya rangi, sauti chini. Wakachukua mpira. Yadi nne. Wakajipanga. Yadi tatu. Kama hakuna kilichotokea Landover. Au kama kilitokea na mtaro bado unatakiwa kuchimbwa. Walishinda 27-6, ushindi wa 12, ambao chuo kile hakikuwahi kuufikia katika msimu mmoja.

Lakini hilo lilikuwa baadaye. Robo ya pili ilikuwa haijaisha nilipomsikia mke wangu amesimama nyuma ya kochi, amejifunga kanga kwa juu ya sweta. Alitazama majaribio manne, matano, bila kusema kitu.

"Hawa hawarushi?"

"Mara chache sana."

Akatazama jingine. Daily akaingia msituni, akatoka na yadi zake.

"Afadhali," akasema. "Sogea, dereva."